Upepo Hutokea Pasipo Tundu: Habari ya Tepu ya Ringi

Wiki tatu mfululizo gurudumu la nyuma la baiskeli yangu lilikuwa likilala na upepo na kuamka halina. Jioni najaza hadi baa 2 (baa ni kipimo cha msukumo wa upepo), nabonyeza kwa dole gumba, tairi linagoma vizuri. Asubuhi nabonyeza tena, dole linazama mpaka kwenye ringi. Mwiba sikuuona, mchubuko sikuuona. Nikabadilisha valvu. Nikaongeza dawa ya kuziba, ile ya maji inayomiminwa ndani ya tairi, na siku ya tatu nikaongeza tena. Nikalivua tairi lote, nikalipangusa ndani kwa kitambaa, nikalivisha upya. Kila tiba ilidumu siku moja au mbili, kisha ugonjwa ukarudi.

Mwishowe nikachukua sponji na maji ya sabuni, nikaanza kuloanisha gurudumu kipande kwa kipande, bila haraka. Tairi kimya, pande zote mbili. Shina la valvu kimya. Nilipofika spoki ya tisa kutoka kwenye valvu, pale spoki inapozama ndani ya ringi, kikaota kiputo. Kilivimba polepole hadi kikawa kama kichwa cha kiberiti, kikapasuka, kikafuata kingine palepale. Spoki iliyofuata, vivyo hivyo. Na nyingine ya upande wa pili kabisa. Na kile kitundu kidogo cha kutolea maji ya mvua. Upepo ulikuwa unatoka kila mahali isipokuwa kwenye tairi.

Nasimulia haya kwa sababu watu wengi ninaowaona wakihamia tairi zisizo na tyubu, tyubulesi kama tunavyoziita, hutumia siku nyingi kuchagua tairi, na siku nyingi zaidi kubishana juu ya dawa ya kuziba, halafu tepu ya ringi, ile inayobandikwa kuzunguka ringi chini ya tairi, wanachukua yoyote iliyo karibu na mkono. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Siku hizi naiona tofauti. Ulipoitoa tyubu, kazi yake uliigawa mara mbili: nusu ukalipatia tairi, nusu ukaipatia tepu. Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyoniangusha.

Tuitazame ringi yenyewe kwanza. Ringi nyingi za siku hizi zina kuta mbili, moja juu ya nyingine, na kati yake kuna uwazi kama wa bomba. Ukuta ulio karibu na kitovu cha gurudumu una matundu madogo ya kupitisha spoki. Ukuta unaotazama tairi una matundu makubwa zaidi, ili nipeli, vile vichwa vidogo vinavyokaza spoki, viweze kuingizwa na kufikiwa. Matundu hayo mara nyingi ni 24, 28 au 32, na upana wake huwa kama milimita 8 au 9. Tepu inayafunika yote, na juu ya kila tundu inakuwa peke yake, chini yake hakuna kitu cha kuibeba.

Siku moja nilikaa nikapiga hesabu. Tundu la milimita 8 lina eneo la kama milimita za mraba 50. Ukijaza baa 2, kile kiduara cha tepu kinasukumwa kwa nguvu ya uzito wa kilo 1 hivi. Ukijaza baa 5, kama kilo 2 na nusu. Mchana na usiku, juu ya kila tundu, miezi kwa miezi. Tangu siku ile siwezi tena kuichukulia tepu kama karatasi ya kufunikia.

Sasa, tepu ikiacha njia moja tu, hata iwe nyembamba kama unywele, upepo unaingia kwenye ule uwazi kati ya kuta mbili, unazunguka ringi nzima, kisha unatokea popote panapouruhusu: kwenye nipeli, kwenye tundu la valvu, kwenye maungio ya ringi. Ndiyo maana kiputo hakionyeshi kosa lilipo. Spoki yangu ya tisa haikuwa na hatia yoyote. Na ndiyo maana valvu nyingi nzima hutupwa: mtu anaona mapovu yakitoka shinani mwa valvu, ananunua nyingine, kumbe upepo umeingilia mbali, na hapo ni mlango wa kutokea tu. Ukiona mapovu kwenye spoki, acha kulitazama tairi. Upepo umeshapenya tepu.

Tatizo hili linaweza kukwepwa kabisa kwa kutokutoboa ukuta wa juu. Mavic, watengenezaji wa magurudumu, walifanya hivyo mwaka 1999 walipoleta mfumo wao wa tyubulesi ulioitwa UST pamoja na watengenezaji wa tairi Hutchinson na Michelin: ukuta unaotazama tairi haukuwa na matundu ya spoki, kwa hiyo hakukuwa na haja ya tepu. Campagnolo, kampuni nyingine ya vifaa vya baiskeli, nao wana ringi za namna hiyo, na nipeli huingizwa kupitia tundu la valvu kisha zikaongozwa kwa sumaku hadi kila moja ifike mahali pake. Nazipenda sana kazi kama hizo. Lakini ringi nyingi tunazotumia zimetobolewa, na tepu hatuna jinsi ya kuikwepa.

Nilipolivua lile tairi langu la nyuma, jibu lilikuwa wazi kiasi cha kuniuma. Gurudumu nililinunua likiwa limeshabandikwa tepu na aliyeniuzia, na sikuwahi kuipima. Ringi ilikuwa na upana wa ndani wa milimita 25. Tepu ilikuwa ya milimita 21. Kila upande ilikuwa imekomea kwenye mteremko, haikufika begani, pale ukingo wa tairi unapokaa. Chini ya ukingo wake dawa ya kuziba ilikuwa imejipenyeza na kukauka kama utando mweupe, na nilipoivuta kwa kucha ilitoka kwa urefu wa kiganja bila kung'ang'ana hata kidogo. Dawa yote niliyoongeza ilikuwa imeingia humo. Nilipotikisa ringi nilisikia vipande vikavu vikicheza ndani.

Ringi ina bonde katikati na mabega mawili pembeni. Bonde lipo ili pindo la tairi, ule ukingo wake mgumu usiotanuka, lipate nafasi ya kushuka unapolivisha. Mabega ndipo pindo linapokaa baada ya kujazwa upepo. Tepu inatakiwa itoke kwenye ukuta wa upande mmoja, ipite begani, ishuke bondeni, ipande bega la pili, ikomee kwenye ukuta wa upande mwingine. Hapo pindo la tairi linakaa juu ya tepu na kuibana kwa nguvu ya upepo wote. Tepu ikikomea kabla ya bega, hakuna kinachoibana ila gundi yake yenyewe, na gundi pekee haitoshi.

Kwa hiyo kuchagua tepu kunaanza na upana. Upana wa ndani wa ringi mara nyingi umeandikwa kwenye ringi yenyewe, kwa mfano 622x25: 622 ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa, kwa milimita, na 25 ni upana wa ndani. Kosa la kawaida ni kununua tepu ya 25 kwa ringi ya 25. Tepu haipiti juu ya bonde kama daraja, inashuka na kupanda, na njia hiyo ni ndefu kuliko mstari ulionyooka. Watu wengi huongeza milimita 2 hadi 4, nami nakubaliana nao, ila nina njia yangu ya kuwa na uhakika. Nakata ukanda mwembamba wa karatasi, naulaza ukikatiza ringi kutoka ukuta hadi ukuta, naukandamiza kwa kidole ufuate bonde na mabega yote, naweka alama, kisha naunyoosha na kuupima kwa rula. Namba ninayoipata ndiyo upana wa tepu ninayoitafuta. Kwa ringi ile ya 25 karatasi ilinipa 28.

Pana kupita kiasi nayo ina shida. Tepu ikipanda ukutani mpaka karibu na ncha ya ringi, pindo la tairi linaikwaruza kila unapolivisha na kulivua, ukingo unainuka, na dawa inapata mlango. Milimita moja ya ziada naivumilia. Tatu, hapana.

Kuhusu aina, nimejaribu nyingi kuliko ilivyokuwa lazima. Tepu ya pamba inayowekwa kwenye ringi za tyubu ni nzuri kwa kazi yake, ambayo ni kuilinda tyubu isikatwe na matundu ya spoki. Upepo inaupitisha, kwa hiyo hapa haifai. Tepu ya umeme inanyumbuka, na gundi yake hulainika kukiwa na joto. Baada ya muda utaikuta imetelezea pembeni. Tepu ya kufungia maboksi ni nyembamba mno. Halafu kuna ile tepu nene ya kitambaa yenye gundi kali, ambayo ina wapenzi wengi, na kweli inashika. Niliitumia msimu mmoja. Nyuzi zake zilifyonza dawa kutoka pembeni kama utambi unavyofyonza mafuta, na siku ya kuitoa ilitoka nusu na kuacha gundi nyeusi ringi nzima. Nilikwangua kwa saa moja na nusu.

Unene wenyewe una hesabu yake. Tepu ya milimita 0.4 inaongeza milimita 0.8 kwenye kipenyo, na hiyo ni milimita 2.5 kwenye mzunguko wa mahali pindo linapokaa. Ukizungusha mara mbili ni milimita 5. Pindo halitanuki, kwa hiyo milimita hizo tano unazilipa kwa vidole unapolivisha tairi, na linakaa likiwa limevutika kuliko lilivyokusudiwa. Tepu nyembamba ya plastiki ya polipropilini, yenye unene wa kama milimita 0.14, ukiizungusha mara mbili haifikishi hata milimita 2 za mzunguko. Hiyo ndiyo ninayoitumia sasa. Tepu ya tesa 4289 ni ya jamii hiyo: ilitengenezwa kwa ajili ya kufungia mizigo, haivutiki kirahisi, na mafundi wengi wa magurudumu wameizoea. Napenda pia kwamba za jamii hii nyingi zinaonyesha kidogo ng'ambo. Matundu ya spoki unayaona chini yake kama vivuli, na mahali ambapo gundi haijashika panabaki weupe hafifu, kwa hiyo macho yako yanakuwa sehemu ya kazi.

Kusafisha ndiko kunakochukua muda wangu mwingi, na sioni haya kusema kwamba saa moja ya kusafisha kwa dakika kumi za kubandika ni mgao wa haki. Tepu ya zamani naitoa yote. Kuweka mpya juu ya ya zamani ni kuweka gundi mpya juu ya kasoro ile ile. Gundi iliyobaki naifikicha kwa dole gumba mpaka ijikunje kama uchafu wa kifutio. Kisha spiriti ya isopropili kwenye kitambaa cheupe. Nazungusha ringi yote, nageuza upande safi wa kitambaa, nazungusha tena, na sikomi mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Nasisitiza mabega, maana mikono yetu hukimbilia bonde kwa sababu ndilo linaloonekana. Mafuta ya taa na petroli naviweka mbali, vinaacha mafuta ambayo jicho halioni lakini gundi inayajua. Halafu napitisha ncha ya kidole, taratibu sana, kwenye ukingo wa kila tundu la spoki na pale ringi ilipoungwa. Kinundu chenye makali kinachokwaruza ngozi kitaikata tepu pia, basi nakilainisha kwa msasa laini, napangusa tena, naiacha ringi ikauke. Ikiwa ya baridi naiacha kwanza ipate joto la chumba, kwa sababu gundi hushika vibaya kwenye ringi ya baridi.

Kubandika kwenyewe, hivi ndivyo nifanyavyo. Nakaa, gurudumu nalibana katikati ya magoti. Naanzia kama sentimita 15 kabla ya tundu la valvu, ili mwanzo na mwisho wa tepu vipishane juu ya tundu hilo, mahali patakaposukumwa na kuvutwa kuliko pengine pote. Wengine huanzia upande wa pili wa ringi, ng'ambo ya valvu, na magurudumu yao hayavuji. Katika hili mazoea yana nafasi. Mvuto ndio usio na mjadala. Mkono wa kushoto unakandamiza tepu iliyokwisha kulala, wa kulia unaivuta inayofuata kwa nguvu, karibu na nguvu ya kufunga kamba ya mzigo, na kiganja kwa kiganja nalisogeza gurudumu. Ikivutwa hivyo, tepu inashuka yenyewe bondeni. Ikilegea, inakaa juu ya bonde kama ngoma, na upepo utaishindilia baadaye kwa kuing'oa mabegani.

Ikienda upande, siikunji wala siipindishi ili irudi kwenye mstari. Nairudisha nyuma robo ya mzunguko na kuilaza upya. Kila mkunjo ukingoni ni mfereji mdogo, na mfereji ndio nilioutafuta wiki tatu. Kwa ringi ya 622 mzunguko mmoja haufiki mita 2, kwa hiyo mizunguko miwili pamoja na kipande cha kupishana ni kama mita 4 na ushei kwa gurudumu. Kwa matairi mapana yenye upepo mdogo mzunguko mmoja wa tepu nzuri unaweza kutosha. Mimi nazungusha mara mbili kwenye kila gurudumu, na usingizi wangu umekuwa mzuri. Nikimaliza nafunga dole gumba kwa kitambaa na kukandamiza kuanzia bondeni kwenda begani, kila upande, nikiufukuza ule weupe hafifu mpaka tepu ionekane ya rangi moja.

Tundu la valvu ndipo kazi nzuri huharibikia. Polipropilini ikikatwa kwa kisu ina tabia ya kuchanika kwa urefu, na mchaniko mdogo wa leo unajivuta mpaka nje ya mpira wa valvu. Kwenye ringi ya aluminiamu napasha moto ncha ya msharasi, naigusisha katikati ya tundu, na plastiki inayeyuka na kuacha duara lenye ukingo mnene kidogo, usio na pa kuanzia kuchanika. Duara naliacha dogo kuliko shina la valvu, milimita 3 hivi, ili shina lenye milimita 6 liingie kwa kujisukuma na tepu ilikumbatie. Ringi ya kaboni siikaribii na chuma cha moto. Hapo natumia msharasi wa baridi wenye ncha kali, nikitobolea upande wa tairi na kuuzungusha taratibu.

Kabla ya valvu ya tyubulesi kuna usiku mmoja wa kusubiri, na watu wengi huuruka. Navisha tairi likiwa na tyubu ya kawaida, najaza kama baa 3 nikiangalia nisizidi kiwango kilichoandikwa kwenye tairi na ringi, naacha mpaka asubuhi. Tyubu inaisukuma tepu kila mahali kwa nguvu moja, hata kwenye kona ambazo dole gumba halifiki. Asubuhi natoa upepo, nafungua tairi upande mmoja tu, naitoa tyubu, na upande wa pili wa pindo unabaki umekaa. Navuta valvu ya tyubulesi kutoka ndani, na mguu wake wa mpira nimehakikisha mapema kwamba unalingana na umbo la bonde. Nati naikaza kwa vidole peke yake. Koleo linauvuta mpira ndani ya tundu, unaifinya tepu mpaka ichanike, na huwezi kuliona hilo mpaka dawa ianze kutoka.

Dawa yenyewe haina maneno mengi. Inaziba miiba na vitundu vidogo vya tairi, na hukauka, kwa hiyo baada ya miezi michache inataka kuongezwa. Kutegemea iizibe tepu mbaya ni kuimimina ndani ya ringi, na zenye amonia zinaweza kuzila nipeli za aluminiamu humo ndani.

Mwezi uliopita nilibadilisha tairi la nyuma. Nilipokuwa nalivua, leva, kile kijiti cha kuvulia tairi, ilizama ndani kuliko nilivyotaka na ncha yake ikakwangua ukingo wa tepu, sentimita 2 hivi, karibu na bega la kulia. Sehemu nyingine zote zilikuwa safi, hakuna utando mweupe popote. Nilitamani kubandika kiraka. Lakini tepu ilishalowa dawa, na juu ya dawa gundi haishiki, basi nikaivua yote, nikarudi kwenye spiriti na vitambaa vyeupe, nikapima tena kwa karatasi ingawa jibu nilikuwa nalijua. Siku ya kwanza tyubu ikalala ndani. Ya pili nikaweka valvu na dawa, nikajaza baa 2 jioni. Asubuhi nilibonyeza kwa dole gumba, likagoma. Nikaleta kipimo: 1.9. Nikavaa kofia ngumu nikatoka.